Maswali ya Wasomaji: Georgia na Mvinyo wa Kasiki

Toleo lililopita lilikuwa na makala fupi kuhusu Georgia, nchi ndogo ya Kaukazi iliyo kati ya Bahari Nyeusi na milima, na kuhusu kvevri, yaani kasiki za udongo zinazofukiwa ardhini hadi shingoni ili mvinyo uchachuke humo. Barua zimekuwa nyingi. Tumechagua zile zinazouliza kazi inafanywaje na inaharibikia wapi.

SWALI: Hodi hapo Mhariri. Mlisema watu wa Kakheti hutia zabibu kasikini pamoja na maganda, mbegu na hata vikonyo. Lakini nimepata kusikia kwamba wenzao wa Imereti hutoa vikonyo na kubakiza maganda kidogo tu. Nani anakosea, na kazi yenyewe inakwendaje tangu mavuno? – Mdadisi

JIBU: Hakuna anayekosea, ndugu Mdadisi. Kila upande umefuata hali yake ya hewa. Kakheti iko mashariki, mbali na bahari, na mwezi wa Septemba jua lake bado lina nguvu. Vikonyo vya zabibu aina ya Rkatsiteli hupata muda wa kukauka na kugeuka rangi ya kahawia vikiwa bado mtini. Kikonyo kilichokomaa namna hiyo hutoa tanini tulivu (tanini ndiyo kile kinachokwaruza ulimi, kama kwenye chai kali), na nafasi kinazoziacha katikati ya maganda husaidia joto kutoka. Imereti iko magharibi, kwenye njia ya mawingu ya Bahari Nyeusi. Huko kikonyo mara nyingi bado ni kibichi siku ya kuvuna. Ukikitia kasikini mvinyo unapata ukakasi na ladha ya majani mabichi. Kwa hiyo Imereti huchukua sehemu ndogo ya maganda, huacha vikonyo nje, na huutenga mvinyo na maganda mapema, baada ya mwezi mmoja au miwili. Anayeiga njia ya Kakheti kwenye bonde lenye mvua ameiga nusu tu ya mambo, maana jua hakulichukua.

Sasa kazi ya Kakheti. Mavuno, yanayoitwa rtveli, huanza Septemba na kuingia Oktoba. Zabibu huvunwa sukari ikiwa imefika kiasi cha gramu 220 hadi 240 kwa lita ya maji yake. Kila gramu 17 za sukari kwa lita hutoa takriban asilimia moja ya kileo, kwa hiyo mkulima anajua tangu shambani kwamba mvinyo wake utakaa kwenye asilimia 13 au 14. Vishada hukanyagwa kwa miguu ndani ya satsnakheli, hori refu lililochongwa kwenye gogo, au siku hizi hupitishwa kwenye mashine ya kusaga yenye magurudumu ya mpira. Mguu na mpira vina sifa moja: havipondi mbegu. Mbegu ikipondwa hutoa mafuta na uchungu ambao hakuna miezi itakayoutoa.

Maji ya zabibu huingia kasikini kwanza, kisha hufuata machicha, wenyewe wakiyaita chacha. Kasiki haijazwi. Huachwa wazi sehemu moja kwa tano hivi, kwa sababu hewa ya ukaa inayozaliwa na uchachukaji huyanyanyua maganda juu kama kifuniko kinene. Kasiki ya lita 1,000, basi, hupokea kilo 800 hivi za zabibu. Hamira haitiwi, ile iliyoko kwenye maganda na ndani ya chumba cha kasiki huanza kazi yenyewe, kwa kawaida baada ya siku moja hadi tatu.

Kuanzia hapo hakuna usingizi. Kile kifuniko cha maganda lazima kizamishwe kwa mti mrefu mara tatu hadi tano kila siku, usiku ukiwemo. Kikiachwa kikauke, bakteria wa siki hujenga juu yake, na joto lililonaswa chini yake huweza kuua hamira kabla sukari haijaisha. Kazi hii huenda siku kumi, wiki mbili, hata tatu vuli ikiwa baridi. Dalili ya mwisho ni maganda kuanza kuzama yenyewe.

Maganda yakishazama, kasiki hujazwa hadi shingoni kwa mvinyo wa kasiki nyingine, hufunikwa bila kubanwa ili hewa ya ukaa iliyobaki ipate kutoka, na asidi kali ya zabibu hugeuzwa na bakteria kuwa asidi laini zaidi. Kisha mdomo huzibwa kwa jiwe au ubao, na udongo mbichi au mchanga juu yake. Mvinyo hukaa na maganda yake miezi mitano au sita. Mwezi wa Machi au Aprili kasiki hufunguliwa, mvinyo uliotulia huchotwa taratibu na kuhamishiwa kasiki nyingine safi, na machicha yaliyobaki huenda kwenye mtambo wa kukenekea pombe kali, nayo huitwa chacha vilevile.

SWALI: Mimi ni mfinyanzi. Nashindwa kuamini kwamba chombo cha udongo cha lita elfu mbili kinaweza kusimama, kuchomwa bila kupasuka, kisha kisivuje. Siri ni nta? – Mikono ya Udongo

JIBU: Nta ni hatua ya mwisho, na inasifiwa kuliko inavyostahili. Kasiki mbovu haiokolewi na nta.

Wafinyanzi wa kvevri wamebaki wachache, katika vijiji kama Vardisubani huko Kakheti, Makatubani na Shrosha huko Imereti, na Atsana huko Guria. Hawatumii gurudumu kwa vyombo vikubwa. Huanza na kitako chembamba kilichochongoka, kisha huongeza ukanda juu ya ukanda wa udongo kwa mkono, sentimita chache kila safari, na kusubiri sehemu ya chini ikaze kabla ya kuibebesha nyingine. Ndiyo maana hujenga kasiki nyingi kwa zamu: akimaliza ukanda wa hii anahamia ile. Kasiki kubwa moja huchukua wiki kadhaa, na anayeharakisha huona ubavu unatoka tumbo na kuanguka.

Baada ya hapo ni kukausha kivulini, bila upepo wa upande mmoja. Upande ukikauka kabla ya mwenzake hujivuta, na ufa huzaliwa hapo, ingawa pengine hauonekani mpaka tanurini. Tanuri huingiza kasiki kadhaa pamoja, mlango wake hujengwa kwa matofali, na moto wa kuni hupandishwa polepole sana siku za kwanza ili maji yaliyojificha udongoni yatoke kwa amani. Moto huendelea takriban wiki nzima na kufika karibu nyuzi 1,000 za Selsiasi. Kasiki isiyoiva vizuri huwa laini, hunyonya mvinyo na kumomonyoka inaposuguliwa. Njia ya kuijua ni kuigonga: iliyoiva hulia kama kengele, yenye ufa hutoa sauti iliyokufa.

Nta ya nyuki hupakwa ndani kasiki ikiwa bado na joto la tanuri, ili inyonywe na matundu ya udongo. Lengo si kuweka utando. Nta ikilala juu kwa unene, udongo haupumui, na baada ya miaka utando hubanduka vipande vipande, na chini yake uchafu hujificha. Tatizo jingine ni nta iliyochanganywa na parafini: harufu yake huingia mvinyoni na haitoki. Kwa nje wengi hupaka chokaa, ambayo husaidia kuzuia vijidudu na kuimarisha ukuta.

Halafu kasiki hufukiwa, na hili ndilo jibu la swali lako la kusimama. Mvinyo husukuma kutoka ndani, udongo na mchanga husukuma kutoka nje, nguvu hizo zikalingana. Ardhi pia hushikilia joto pasipo kupanda wala kushuka sana, kiasi cha nyuzi 13 hadi 15 kwa kina hicho. Kabla ya kuamini kasiki mpya, ijaze maji na uiache siku kadhaa. Ukiona kina kinashuka kwa kasi, ijue kabla hujaizika, maana kuichimbua ni kazi ya watu wengi, na ubavu wake hupasuka kirahisi wakati wa kuivuta.

Umbo la yai nalo lina kazi. Mbegu huzama hadi kwenye ncha ya chini, na mashapo ya hamira huzifunika. Zikifunikwa hivyo hazina tena njia ya kuendelea kutoa uchungu, hata mvinyo ukikaa juu yake miezi sita.

SWALI: Nasikia Georgia kuna mvinyo wa rangi ya machungwa. Una machungwa ndani? – Mpenda Matunda

JIBU: Hauna. Ni zabibu nyeupe zilizochachuka pamoja na maganda yake. Mvinyo mweupe wa kawaida hukamuliwa na kutengwa na maganda mara moja. Huu wa Kakheti hukaa nayo miezi, ndipo rangi yake huwa ya kaharabu, na hilo ndilo jina wanaloupa wenyewe. Usiutarajie utamu. Ni mkavu, una tanini karibu kama mvinyo mwekundu, na ukipozwa kama maji ya barafu tanini hiyo hukwaruza ulimi. Nyuzi 13 hadi 16 zinautosha.

SWALI: Nimeona chupa mbili za Georgia. Moja imeandikwa Saperavi, nyingine Mukuzani. Muuzaji anasema ni kitu kimoja lakini bei si moja. Pia nauliza: Kindzmarauli hutiwa sukari? – Mnunuzi Makini

JIBU: Muuzaji amesema nusu. Saperavi ni aina ya zabibu. Mukuzani ni eneo dogo la Kakheti ambalo jina lake linalindwa kisheria, na mvinyo wake mwekundu mkavu hutengenezwa kwa Saperavi iliyolimwa hapo. Kila Mukuzani ni Saperavi, lakini Saperavi nyingi si Mukuzani.

Shika mgawanyo huu na lebo nyingi zitafunguka. Majina ya zabibu ni kama Rkatsiteli, Kisi, Khikhvi, Tsitska, Tsolikouri, Krakhuna, Chinuri na hiyo Saperavi. Majina ya mahali ni kama Tsinandali, Mukuzani, Napareuli, Akhasheni, Kindzmarauli, Tvishi na Khvanchkara. Jihadhari na Mtsvane: iko Mtsvane Kakhuri ya mashariki na iko Goruli Mtsvane ya Kartli, nazo ni zabibu mbili tofauti.

Jina la mahali halikwambii kwamba mvinyo umepita kasikini. Tsinandali, ambayo ni Rkatsiteli pamoja na Mtsvane Kakhuri kidogo, ni mvinyo mweupe wa njia ya Ulaya, bila maganda. Kijiji hicho ndipo lilipokuwa shamba la mwanamfalme Alexander Chavchavadze, aliyeingiza njia za Ulaya Magharibi katika karne ya 19. Kwa kweli sehemu kubwa ya mvinyo wa Georgia hutengenezwa kwenye matangi ya chuma, na kvevri ni sehemu ndogo tu ya uzalishaji. Anayetaka kasiki atafute neno qvevri kwenye lebo. Picha ya kasiki pekee haithibitishi kitu.

Kuhusu Kindzmarauli, utamu ni wa zabibu yenyewe. Saperavi ya upande wa Kvareli huvunwa ikiwa na sukari nyingi, kisha uchachukaji husimamishwa kwa baridi kali kabla hamira haijaimaliza. Mara nyingi hubaki gramu 30 hadi 50 kwa lita. Zamani baridi ya vuli ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Leo ni matangi yenye kipoza joto, na mvinyo huchujwa ili hamira isiamke tena ndani ya chupa. Chujio likiwa bovu, chupa huanza kutoa povu dukani. Ukikuta Kindzmarauli inayopovuka, irudishe.

SWALI: Ndugu Mhariri, naomba ramani ya maneno. Zabibu gani hulimwa wapi, na kwa nini huko magharibi mizabibu hupandishwa juu ya miti? – Mkulima Chipukizi

JIBU: Anzia Kakheti, maana ndiyo yenye sehemu kubwa ya mizabibu ya nchi nzima. Bonde la mto Alazani, lenye miji ya Telavi, Gurjaani na Kvareli, limekingwa kaskazini na safu kuu ya Kaukazi inayozuia upepo baridi. Rkatsiteli na Saperavi ndizo wafalme hapo. Rkatsiteli huvumilia baridi ya majira ya kipupwe na hushikilia asidi hata jua likizidi. Saperavi ina jambo lisilo la kawaida: hata maji yake ya ndani yana rangi nyekundu, wakati zabibu nyekundu nyingi duniani zina maji meupe na rangi iko kwenye ganda tu. Adui mkubwa wa Kakheti si ukame bali mvua ya mawe. Dakika kumi za kiangazi zinaweza kuondoka na mavuno ya mwaka, na vidonda kwenye matunda yaliyobaki hufungua mlango kwa kuoza. Nyavu juu ya mistari ni kinga nzuri, ila ni ghali.

Kartli, katikati ya nchi kuzunguka Gori na Mukhrani, ina upepo na usiku wa baridi zaidi. Chinuri na Goruli Mtsvane hubaki na asidi ya juu, na ndiyo sababu mvinyo wenye povu wa bonde la Ateni umejijengea jina.

Imereti tumeshaigusa: Tsitska, Tsolikouri na Krakhuna kwa mvinyo mweupe, Otskhanuri Sapere kwa mwekundu. Huyu wa mwisho ana asidi na tanini nyingi mno akiwa mchanga, asinywewe mapema.

Panda juu ya mto Rioni ufike Racha. Eneo lake la mizabibu ni dogo, kwenye miteremko karibu na Ambrolauri, na hapo Aleksandrouli na Mujuretuli hutoa Khvanchkara, mwekundu wenye utamu wa wastani. Udogo huo umekuwa balaa, kwa sababu jina maarufu lenye shamba dogo hughushiwa kirahisi. Jirani yake Lechkhumi ina Usakhelouri, zabibu adimu kabisa.

Meskheti, kusini, ina matuta ya kale ya mawe karibu na pango la watawa la Vardzia, na mizabibu iliyo juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Utawala wa Waosmani uliidhoofisha kazi hiyo kwa karne nyingi, na sasa matuta yanafufuliwa moja moja.

Sasa miti yako. Katika Guria, Samegrelo na Adjara mvua ni nyingi. Pwani ya Batumi hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mzabibu ulio karibu na ardhi katika unyevu wa namna hiyo huoza. Wakulima wakauacha upande juu ya miti, kwa mfano mforosadi au mpersimoni, mtindo uitwao maghlari. Juu kuna jua na upepo, majani hukauka haraka baada ya mvua, na ardhi iliyo chini hubaki huru kwa mahindi. Mvunaji hupanda na gideli, kikapu kirefu chenye ncha, hukijaza na kukishusha kwa kamba. Ncha ile hupita kati ya matawi bila kunasa.

Kasoro ni kwamba mti wa mita kumi haunyunyizwi dawa kwa urahisi. Magonjwa ya ukungu yalipoingia kutoka Amerika katika karne ya 19, na baada yake mdudu filoksera anayekula mizizi, mizabibu ya juu ya miti ndiyo iliyoteketea zaidi, na watu wengi wa magharibi wakapanda Isabella, zabibu yenye damu ya Kiamerika, ngumu kufa lakini ya mvinyo hafifu. Aina za asili, Ojaleshi ya Samegrelo na Chkhaveri ya Guria, zimebaki kwa taabu na leo nyingi hupandwa kwenye nyaya. Chkhaveri huchelewa sana. Huvunwa Novemba, wenzake wa Kakheti wakiwa wamekwisha kuziba kasiki.

SWALI: Kasiki imefukiwa, haigeuzwi wala kutolewa. Huoshwaje? – Msafi

JIBU: Kwa subira na maji mengi, na hapa ndipo mvinyo mzuri na mbaya huachana. Mashapo huchotwa yote, kwa kata yenye mpini mrefu au pampu. Kisha huja brashi. Ya jadi hutengenezwa kwa tabaka za maganda ya mti wa mcheri zilizofungwa kwenye mti mrefu; ni ngumu ya kutosha kusugua lakini haikwangui nta. Brashi ya waya ni marufuku. Hufuata maji ya majivu au ya chokaa, au soda siku hizi, kisha suuza ya maji matupu, tena na tena, kila maji machafu yakitolewa yote kabla ya mengine kuingia. Wazee husema kazi imekwisha pale ambapo mwoshaji yuko tayari kuyanywa maji ya mwisho. Kasiki ikikauka, huchomwa kipande cha salfa ndani yake na mdomo kufunikwa. Salfa kwenye ukuta wenye maji haifanyi kazi ipasavyo, kwa hiyo kukausha si hiari.

Kasiki kubwa huoshwa kwa mtu kuingia ndani, na hapo tunaomba uangalifu mkubwa. Hewa ya ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama chini, haina rangi. Mtu huishiwa nguvu kabla hajaita. Wengi hushusha mshumaa: ukizimika, usiingie. Lakini mshumaa kuwaka hakumaanishi usalama, kwa sababu hewa humdhuru mtu kabla haijafikia kiwango cha kuuzima. Puliza hewa safi kwa feni kwa muda, mwingiaji afungwe kamba, na juu awepo mtu mwenye nguvu za kumvuta. Mwokoaji asirukie ndani. Vifo vya wawili wawili hutokea hivyo. Tahadhari hiyo hiyo inahusu chumba chenyewe cha kasiki, marani, wiki za uchachukaji: milango wazi muda wote.

SWALI: Nilionja mvinyo wa kasiki mahali fulani. Kwanza ulikuwa mzuri, baada ya kumeza ikaja ladha ya kizimba cha panya. Wenyeji wakaniambia ndiyo asili yake. Ni kweli? – Ulimi Mkali

JIBU: Si kweli, na ulimi wako uko sawa. Hiyo ni kasoro inayojulikana, kazi ya bakteria fulani na hamira pori, hasa kwenye mvinyo wenye asidi ndogo uliotengenezwa bila salfa na kuguswa na hewa. Haisikiki puani kwa sababu asidi ya mvinyo huizuia isipae. Mate yakishapunguza asidi hiyo mdomoni, ladha inafunguka. Haitibiki. Kinga ni kuvuna kabla asidi haijaporomoka, kujaza kasiki hadi shingoni, na kutia salfa kidogo wakati wa kuhamisha.

Kasoro nyingine husomeka hivi. Harufu ya siki au gundi: maganda hayakuzamishwa vya kutosha, au kasiki ilikaa na nafasi juu. Utando mweupe usoni mwa mvinyo: hewa imeingia, kifuniko hakikubana. Harufu ya yai viza: hamira imekosa chakula au imebanwa sana, na mara nyingi huondoka mvinyo ukihamishwa na kupata hewa kidogo. Uchungu wa kudumu: mbegu zilipondwa au vikonyo vilikuwa vibichi. Udongo mtupu ukitawala ladha yote, usiseme ni ladha ya kasiki. Kasiki safi haionjeki sana.

SWALI: Inasemwa Georgia ina miaka 8,000 ya mvinyo. Imethibitishwa au ni maneno ya watalii? – Mwalimu wa Historia

JIBU: Imethibitishwa kuliko madai mengi ya aina hiyo, mwalimu. Mwaka 2017 watafiti walichapisha uchunguzi wa vipande vya vyungu kutoka Gadachrili Gora na Shulaveris Gora, kusini mwa Tbilisi. Ndani ya kuta zake walikuta mabaki ya asidi ya tartariki, alama ya zabibu, kwenye vyungu vya karibu mwaka 6000 KK. Ila usiunganishe haraka: vile havikuwa kvevri za leo zinazofukiwa hadi shingo. Kilichoingizwa na UNESCO mwaka 2013 kwenye orodha ya urithi usioshikika ni njia ya kvevri, na njia hiyo ilikua polepole baadaye.

Wala mstari haukuwa mnyoofu. Enzi za Kisovieti viwanda vilithamini wingi, na kampeni ya Gorbachev dhidi ya pombe, iliyoanza 1985, iling'oa mizabibu mingi. Mwaka 2006 Urusi, mnunuzi mkubwa kuliko wote, ilipiga marufuku mvinyo wa Georgia, na marufuku ikadumu hadi 2013. Waliozoea kuuza chochote wakalazimika kutafuta wanunuzi wanaochagua. Kvevri nyingi zilizokuwa zimesahauliwa nyuma ya nyumba zilianza kuthaminiwa tena miaka hiyo.

SWALI: Sisi nyumbani hatunywi kileo. Kuna chochote cha zabibu cha Georgia kinachotufaa? – Asiyekunywa

JIBU: Kipo, dada, na hutengenezwa msimu uleule wa mavuno: churchkhela, njugu zilizotungwa uzi na kuvishwa uji mzito wa zabibu. Maji ya zabibu yaliyokamuliwa leo, kabla hayajaanza kuchachuka, huchemshwa kwa moto mdogo huku povu likienguliwa, hadi yapungue karibu nusu. Kwa kila lita ya maji hayo mazito andaa gramu 100 hadi 120 za unga wa ngano. Magharibi wengine huchanganya na wa mahindi. Unga ukorogwe kwanza kwenye maji ya zabibu yaliyopoa, kwani ukiutia kwenye yanayochemka utapata madonge. Rudisha motoni, koroga bila kuacha mpaka uji ung'ae na uache utando mzito kwenye mwiko.

Kakheti hutunga njugu ziitwazo jozi (walnut), nusu nusu, magharibi hupendelea hazeli. Uzi uwe wa pamba, urefu wa sentimita 30 hivi, na kijiti juu cha kushikia. Chovya mara moja, tundika penye kivuli na upepo mpaka tabaka la kwanza lisishike kidole, kisha chovya tena. Uji ukiwa mwepesi hutiririka na kuziacha njugu uchi. Ukiwa mzito kupita kiasi hugeuka mabonge na ndani hubaki maji, na hayo ndiyo huleta kuvu. Kausha wiki moja au mbili. Iliyo tayari hupindika bila kupasuka. Ukiifunga kwenye kitambaa na kuiweka pakavu miezi miwili au mitatu, ngozi yake hutoa vumbi jeupe la sukari. Hilo si kuvu: kuvu huwa na manyoya na harufu ya unyevu, sukari ni kavu na hupukutika.